Maharage, Mawese na Chumvi: Historia ya Chakula cha Watu wa Kazi Kasulu na Kibondo

Nyanda za juu za Kasulu na Kibondo mkoani Kigoma, ambazo kabla ya ukoloni zilikuwa chini ya falme za Heru, Muhambwe na Buyungu, kila moja ikiwa na mwami wake, yaani mtawala aliyerithi kiti kwa ukoo, zimekaa katikati ya mazingira mawili yasiyofanana kwa lolote. Upande wa magharibi ardhi inaporomoka kuelekea Ziwa Tanganyika, ambako joto na unyevu huustawisha mchikichi na maji hutoa dagaa. Upande wa mashariki inashuka taratibu hadi kwenye misitu ya miombo na mbuga za Moyowosi na Malagarasi, ambako wakazi ni wachache na nyuki ni wengi. Kati ya pande hizo mbili vimepangana vilima ambavyo baadhi yake vinapita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na juu ya vilima hivyo Waha walijenga kaya zilizotawanyika, kila kaya na migomba yake, mashamba yake na mifugo yake. Buyungu leo ni Wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, lakini katika historia ya chakula mpaka huo hauna uzito, kwa sababu watu wa pande zote mbili walilima mazao yale yale na kufuata njia zile zile za biashara.

Katika miji ya Tanzania ya leo mtu anayekimbia asubuhi, anayecheza mpira au anayefanya kazi za sulubu hushauriwa aongeze katika mlo wake wa kila siku vyakula vya asili vyenye virutubishi vingi, na maduka humwuzia asali, unga wa ulezi, unga wa mlonge, ubuyu na mbegu za kila aina, kila kimoja kikisifiwa peke yake kana kwamba nguvu yote imo ndani ya kopo hilo moja. Historia ya Buha, nchi ya Waha, inaelekeza kwingine. Watu waliolima vilima hivi kwa jembe la mkono, waliobeba mizigo ya chumvi kwa mwendo wa siku kadhaa na walioingia msituni kurina asali walikula vingi vya vyakula hivyo, lakini siha yao ilitegemea zaidi kupita kwa chakula kutoka mazingira haya kwenda yale, hata mafuta ya ziwani, nafaka na kunde za vilimani, na asali na uyoga wa miombo vikakutana katika kaya moja. Kila mara njia hiyo ilipofungwa, na katika karne ya 20 ilifungwa mara nyingi kwa amri ya serikali, mlo ulipungua ubora hata pale ambapo shibe haikupungua.

Msingi wa kilimo cha vilimani ulikuwa ulezi na mtama. Ulezi ni nafaka ya nyanda za juu za Afrika Mashariki yenyewe, ambako ulianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita, na sifa yake kubwa kwa mfanyakazi ni mbili: punje zake hukaa ghalani kwa miaka bila kushambuliwa sana na wadudu, na gramu 100 za unga wake zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, madini yanayojenga mifupa na kuwezesha misuli kukaza na kulegea, kiasi ambacho mahindi hayakikaribii. Pamoja na nafaka hizo zililimwa kunde, na njugu mawe ambazo hukomaa chini ya ardhi na kuvumilia udongo uliochoka. Ulezi na mtama vilikuwa pia vyakula vya bia, na bia hiyo ilikuwa malipo ya kazi: mtu aliyetaka kulimiwa shamba kubwa kwa siku moja aliwaita majirani, na majirani walilima wakijua kwamba jioni kuna chungu. Ng'ombe wenye pembe ndefu walikuwa mikononi mwa Watutsi zaidi, na mkulima aliyetaka maziwa na samadi aliingia katika ubugabire, mkataba ambao kwao mwenye ng'ombe alimkabidhi mwingine mnyama naye akapokea huduma na utii. Maziwa, kwa hiyo, hayakuwa chakula cha kila mtu, na hilo lafaa kukumbukwa na yeyote anayeuona mlo wa kale kuwa wa usawa.

Maharage, ambayo leo ndiyo yanayoitambulisha Kasulu na Kibondo katika masoko ya nchi nzima, ni mgeni aliyekuja baadaye. Asili yake ni bara la Amerika, na yaliingia Afrika kufuatia safari za Wareno, kisha yakapanda bara kutoka mkono hadi mkono hata yakafika katika nyanda za juu za Burundi, Rwanda na Buha, ambako hali ya hewa ya baridi kiasi iliyafaa kuliko mahali pengi pa pwani. Kupokelewa kwake kulikuwa kwa kina. Katika vilima hivi maharage hupandwa mara mbili kwa mwaka, mvua za mwanzo yakichanganywa na mahindi na mvua za mwisho yakiwa peke yake, na mkulima huyala katika kila hatua ya ukuaji wake: majani machanga huchumwa kuwa mboga, maganda mabichi hupikwa, mbegu zilizokomaa lakini hazijakauka huiva haraka na kuokoa kuni, na zile kavu huwekwa akiba. Akina mama walichagua mbegu kwa rangi, kwa muda wa kuiva na kwa mchuzi unaotoka, na wakazipanda zikiwa zimechanganyika ili ugonjwa au ukame ukiangamiza aina moja nyingine ibaki. Maharage makavu yana protini inayokaribia robo ya uzito wake, pamoja na madini ya chuma, na kwa watu ambao nyama waliiona kwa nadra hayo ndiyo yaliyokuwa nyama yao ya kila siku.

Chuma cha maharage, hata hivyo, hakiingii mwilini kwa urahisi, kwa sababu mbegu hiyo ina kemikali zinazokishika kikapita tumboni bila kutumika, na baadhi ya vitamini zinazohitajiwa na mwili hazimo ndani yake. Upungufu huo ulizibwa pale bidhaa za ziwani zilipofika.

Mchikichi ni mmea wa Afrika ya Magharibi na ya Kati ambao mpaka wake wa mashariki, kwa maana ya kustawi vizuri na kwa wingi, uko katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji, kando ya ziwa hilo, Februari 1858, aliyaandika mafuta yake kati ya bidhaa kuu za mahali hapo, na alieleza pia dagaa waliokaushwa juani. Wageni waliomfuata waliikuta Ujiji ikiwa soko la kila siku ambalo watu wa pande zote za ziwa walileta mafuta, samaki, chumvi, nafaka na mbuzi, wakilipana kwa shanga zilizoitwa sofi. Utengenezaji wa mawese, yaani mafuta mekundu ya nyama ya chikichi, haujabadilika sana vijijini tangu wakati huo. Mashada hukatwa juu ya mti na kuachwa siku chache ili chikichi zilegee na kupukutika zenyewe. Kisha huchemshwa kwa saa kadhaa, zamani katika vyungu na sasa katika mapipa, mpaka nyama yake iwe laini, ndipo hutwangwa ili nyama iachane na kokwa. Mseto huo wa rangi ya machungwa hukamuliwa, majimaji yake hurudishwa motoni hata maji yaishe na mafuta yabaki juu, nyuzi zilizobaki huwa kiwashio cha moto wa siku nyingine, na kokwa hupasuliwa moja moja kutoa kiini chenye mafuta ya aina ya pili, meupe zaidi, yaitwayo mise. Kazi yote hiyo ilichukua siku kadhaa na mikono mingi, na mafuta yaliyopatikana yalipandishwa vilimani katika vibuyu na vyungu kubadilishwa na maharage, ulezi na mbuzi.

Wekundu wa mawese hutokana na karotini, rangi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho, ngozi na uwezo wa kupambana na maambukizi. Kilo moja ya mawese ghafi ina miligramu 500 hadi 700 za rangi za jamii hiyo, kiasi kinachoyaweka juu ya karibu vyakula vyote vya mimea. Yana vitamini E pia, na kwa sababu karotini huhitaji mafuta ili ifyonzwe, mawese hubeba kirutubishi pamoja na chombo chake cha kusafiria. Ni haki kusema vilevile kwamba karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, ambayo ikitumiwa kwa wingi na mtu asiyetoka jasho huweza kudhuru moyo. Mpishi wa Buha hakuwa na wingi huo. Kijiko kimoja au viwili katika chungu cha familia nzima vilitosha kuipaka rangi mboga, na walaji wake walishinda shambani.

Dagaa nao walikuwa na historia yao. Wavuvi waliingia ziwani katika usiku usio na mwezi wakiwa na mienge ya matete, na samaki hao wadogo walipoufuata mwanga walichotwa kwa lusenga, wavu wa mkono wenye mpini mrefu. Taa za karabai zilikuja baadaye, katika karne ya 20. Samaki walianikwa juu ya mchanga wa ufukweni, na kwa mwanga mzuri wa jua walikauka siku hiyo hiyo, wepesi kubebeka na wenye kustahimili safari. Kwa kuwa dagaa huliwa mzima, na mifupa yake, hutoa kalisi na protini kwa pamoja, na kuna jambo moja zaidi ambalo sayansi ya lishe ililibaini baadaye sana: samaki, hata kidogo, huuwezesha mwili kukifyonza vizuri zaidi chuma kilichomo katika maharage na majani. Konzi ya dagaa katika chungu cha maharage ilikuwa na faida kubwa kuliko ukubwa wake, na wale waliozoea kupika hivyo walilijua hilo kwa matokeo yake.

Bidhaa iliyowalazimisha watu kusafiri kuliko zote ilikuwa chumvi. Uvinza, karibu na Mto Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi kali, na uchimbuaji wa kiakiolojia uliofanywa na John Sutton na Andrew Roberts katika miaka ya 1960 ulionyesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi hapo tangu yapata karne ya 5 au ya 6. Kiangazi, maji ya mito yalipopungua na shughuli za shamba zilipokwisha, makundi ya watu kutoka Buha, Unyamwezi na ng'ambo ya ziwa yalipiga kambi Uvinza, yakachota maji ya chemchemi, yakayachemsha katika vyungu kwa kuni za miombo mpaka chumvi ikabaki, na kuwalipa watemi wa Kivinza sehemu ya walichopata. Ni kazi ya moto na moshi, inayoumiza macho na kumaliza maji ya mwili, na baada yake ulifuata mwendo wa kurudi na mzigo kichwani. Chumvi iliyofika Heru au Muhambwe ilikuwa fedha: ilinunua jembe la chuma, mbuzi, hata sehemu ya mahari. Kwa mtu anayetoka jasho kutwa ilikuwa pia dawa, kwa maana mwili unaopoteza chumvi bila kuirudisha hukakamaa misuli na kuishiwa nguvu. Ilikuwa na pengo moja ambalo halikujulikana kwa karne nyingi. Chumvi ya chemchemi haina madini joto ya kutosha, na udongo wa vilima vilivyooshwa na mvua hauna pia, kwa hiyo uvimbe wa shingo uitwao rovu ulikuwa wa kawaida katika nyanda za juu za Kigoma hadi miaka ya 1990, kiwanda cha Uvinza kilipoanza kuchanganya madini joto katika chumvi yake chini ya mpango wa kitaifa.

Miombo ya mashariki ilitoa vyakula ambavyo havikulimwa. Mvua za kwanza zilipopiga vichuguu uyoga mkubwa ulichipuka juu yake, na wiki chache baadaye ule mdogo wa rangi ya njano ulitokea chini ya miti ya mtundu na myombo, ambayo mizizi yake huishi na uyoga huo kwa kulishana, jambo linalofanya usiweze kupandwa bustanini. Ulikuja wakati mwafaka, maana miezi hiyo ya kulima ndiyo ghala hupungua na kazi huzidi. Palikuwa na matunda pori, makusu na mbula na mabungo, yaliyoliwa njiani na watoto na wachungaji. Na palikuwa na asali. Warina asali walitengeneza mizinga kwa kubandua gome la mti mzima katika msimu ambao gome hubanduka kirahisi, wakalikunja kuwa mcheduara, wakalishona na kuliziba ncha, au walichonga gogo, kisha wakaitundika mizinga juu ya miti kwa umbali mkubwa kutoka nyumbani na kurudi kuirina baada ya maua ya mtundu kupita. Takribani asilimia 80 ya asali ni sukari ambayo mwili huitumia mara moja, na kwa mpagazi au mwindaji aliyebakiza nusu ya safari hilo lilikuwa la thamani kuliko mlo mzito. Nta, ambayo awali haikuwa na matumizi makubwa, iligeuka bidhaa ya kusafirishwa Ulaya wakati wa Wajerumani na Waingereza, na Tanganyika ikawa kati ya wauzaji wakubwa wa nta duniani.

Kuyapanga haya pamoja kusimfanye msomaji adhani palikuwa na zama za neema. Njaa zilikuwepo, zikiletwa na ukame, nzige na vita vya falme; sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi mno Afrika Mashariki yote, na Buha haikusalimika. Watawala wa Buha waliwatoza wapita njia hongo kubwa, kama msafiri Henry Morton Stanley alivyoonja mwanzoni mwa Novemba 1871, alipolipa nguo kwa mkuu mmoja baada ya mwingine hata akaamua kuupita ukingo wa nchi hiyo usiku kwa kujificha. Ukali huo ulikuwa na sababu, kwa kuwa biashara ya watumwa ilikuwa imefika Ujiji, na Waha waliokuwa juu ya vilima walikuwa na haki ya kumshuku kila msafara. Lakini kulikuwa na tofauti kati ya msafara wa bunduki na mwanamke mwenye kapu la maharage anayeshuka kutafuta mawese, na huyo wa pili aliendelea kupita.

Ukoloni ulianza kuzigeuza njia hizo. Wajerumani waliitwaa chumvi ya Uvinza na kuigeuza kuwa kiwanda cha kampuni walichokiita Gottorp, na reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 chumvi na dagaa vilianza kwenda mashariki kwa behewa, mbali na vilima. Waingereza, waliochukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hawakustawisha Buha zao kubwa la biashara wakati wa miongo ya mwanzo, ila walitoza kodi kama kwingine, na mtu asiye na cha kuuza alilazimika kuuza nguvu zake. Katika miaka ya 1930, ili kupambana na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, watu wa maeneo ya mashariki waliondolewa walikokuwa wametawanyika wakakusanywa katika makazi ya pamoja yaliyofyekwa msitu. Hatua hiyo iliokoa maisha, na haifai kubezwa. Hata hivyo iliwatenga watu na miombo yao: mizinga ikabaki mbali, uyoga na matunda vikahitaji safari, na nchi iliyoachwa tupu ikarudiwa na pori ambalo baadaye sehemu yake iliwekwa ndani ya mapori ya akiba, ambamo mrina asali wa leo haingii bila kibali.

Pigo kubwa zaidi kwa mlo lilikuwa umanamba. Manamba walikuwa vibarua wa mkataba, walioitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alitambulishwa kwa namba, na Kasulu na Kibondo zilikuwa kati ya wilaya zilizotoa vibarua wengi kuliko nyingine zote nchini. Kabla ya magari walikwenda kwa miguu hadi relini. Baada ya mwaka 1944, wamiliki wa mashamba ya mkonge walipoanzisha ofisi yao ya kuandikisha watu iliyojulikana kwa jina la SILABU, walichukuliwa kwa malori na treni hadi Morogoro na Tanga. Mkata mkonge hufanya kazi ya kutoa jasho kuliko karibu kazi zote za shamba, akiinama na kuinuka, akikata majani yenye miiba na kuyafunga matita kwa hesabu ambayo isipotimia siku yake haihesabiwi. Chakula alichopewa kiliitwa posho, na msingi wake ulikuwa unga wa mahindi uliokobolewa, maharage kidogo na chumvi. Kwa kilimo cha jembe mtu wa Heru alikuwa na ulezi, majani mabichi, mawese na dagaa. Kwa kazi nzito zaidi alipewa mlo mwembamba zaidi. Kijana aliporudi baada ya miaka miwili alikuwa ameizoea sembe nyeupe na kuiona ndicho chakula cha mtu aliyesafiri, na mazoea hayo yalikaa.

Nyumbani nako pengo lake lilionekana shambani. Ulezi unataka mikono mingi: kupalilia mara kwa mara, kuvuna suke moja moja, kupura na kupepeta, na mikono ya wanaume ilikuwa Tanga. Muhogo, ambao ulikuwa umeshaingia kutoka upande wa Kongo na ambao serikali ya kikoloni iliuhimiza kote nchini kama kinga ya njaa, hautaki kazi hiyo, hukaa ardhini ukimngoja mwenyewe na mizizi yake haifikiwi na nzige. Kwa mama aliyebaki peke yake ulikuwa mkombozi wa kweli. Unga wake, lakini, ni wanga mtupu kwa kiasi kikubwa, wenye protini ndogo mno na kalisi isiyolingana na ya ulezi, hivyo ugali wa muhogo ukawa na haja kubwa zaidi ya kitoweo kizuri katika wakati ambao kitoweo kilikuwa kinapungua. Jibu la wapishi wa Kigoma lilikuwa sombe, majani ya muhogo wenyewe, yanayotwangwa hadi yawe laini kabisa, yakachemshwa muda mrefu ili sumu yake itoke, kisha yakaungwa kwa mawese na wakati mwingine karanga au dagaa. Majani hayo yana protini na vitamini ambazo mzizi hauna. Kati ya mambo yote yaliyobuniwa na kupokelewa katika jiko la mkoa huu, hilo la kuurudishia muhogo kwa majani yake kile unachokosa linastahili heshima kubwa kuliko linavyopewa.

Baada ya uhuru, Kigoma ilikuwa kati ya mikoa ya kwanza kuhamishiwa vijijini kwa operesheni. Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 iliwatoa watu kwenye kaya za vilimani na kuwapanga kando ya barabara, mara nyingi katika maeneo ya chini yenye miombo, kwa ahadi ya shule, zahanati na maji, na vingi vya hivyo vilipatikana. Migomba na miti ya matunda iliyozunguka kaya za zamani haikuweza kubebwa, wala mbolea ya miaka mingi iliyoufanya udongo wa kaya uwe mweusi. Mashamba mapya yalifaa mahindi, na mahindi yakatawala.

Kisha wakaja wakimbizi. Kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi Oktoba 1993 kulisukuma mamia ya maelfu ya watu kuvuka mpaka; kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 yalizifanya Nduta ya Kibondo na Mtendeli ya Kakonko zifunguliwe tena. Chakula cha kambi kilipangwa kwa hesabu ya kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku: unga wa mahindi, mbaazi au mikunde mingine, unga wa mahindi na soya, chumvi yenye madini joto, na mafuta ya kupikia yaliyoongezwa vitamini A, mengi yake yakiwa yamevuka bahari. Mgawo huo, ambao kuanzia mwaka 2017 ulipunguzwa mara kadhaa kwa uhaba wa fedha, ulikosa mboga na ladha, na wakimbizi, ambao wengi walikuwa wakulima wa nyanda zinazofanana kabisa na Buha, waliuza sehemu yake kwa wanavijiji ili wapate muhogo, ndizi, sombe na mawese. Masoko ya pamoja yaliyokua kando ya kambi yalikuwa, kwa namna yake, kurudi kwa ule upitishaji wa zamani. Wanavijiji nao walipata unga na mafuta kwa bei nafuu. Baada ya mwaka 2018 masoko hayo yalibanwa na kufungwa, na hasara ikaziangukia pande zote mbili.

Matokeo ya mfululizo huu yanaonekana katika takwimu moja ambayo haipaswi kusomwa haraka. Utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 42.3 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Kigoma wamedumaa, yaani wana kimo kifupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu na maradhi ya mara kwa mara, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 31.8. Huu ni mkoa unaopeleka maharage na dagaa katika masoko ya mbali, unaozalisha mawese, asali, chumvi na ndizi. Malori yanayopita barabara ya Kasulu, Kibondo na Nyakanazi hubeba maharage kwenda Mwanza na Dar es Salaam, na mkulima anayehitaji fedha ya ada na matibabu huuza gunia lote wakati wa mavuno, kisha hununua sembe miezi ya kulima. Mama mwenye mimba, ambaye ndiye mwenye kazi nyingi kuliko wote katika kaya, hurudi kutoka shambani jioni na kuanza kutafuta kuni, na maharage huiva kwa saa mbili au tatu. Ni rahisi kuelewa kwa nini watoto hupewa ugali wa muhogo na mchuzi mwepesi. Ushauri wa kumwambia anunue unga fulani wa kopo hauwezi kumfikia. Chungu chenye kifuniko, maharage yaliyolowekwa usiku kucha, kijiko cha mawese, konzi ya dagaa waliopondwa na majani ya bustanini vinaweza kumfikia, kwa sharti kwamba sehemu ya mazao ibaki nyumbani na kuni ziwe karibu.

Mwaka 2018 serikali ilianza juhudi mpya ya kulifufua zao la michikichi mkoani Kigoma, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akiisimamia, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kilipewa kazi ya kuzalisha miche ya tenera, aina inayopatikana kwa kuchanganya mchikichi wa kokwa nene na ule usio na kokwa ngumu, yenye nyama nyingi na inayoanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Lengo lililotangazwa ni kupunguza mafuta ya kula yanayoagizwa kutoka nje, na ni lengo la haki kwa nchi inayotumia fedha nyingi za kigeni kwa bidhaa hiyo. Viwanda vikubwa vya kusafisha mafuta, hata hivyo, huyapitisha mawese katika udongo maalumu na joto kali ili yawe meupe na yasiwe na harufu, na katika hatua hiyo karibu karotini yote huondoka. Kisha, kwa kufuata kanuni za urutubishaji wa chakula, vitamini A iliyotengenezwa kiwandani huongezwa ndani ya mafuta hayo kabla ya kufungwa katika chupa. Mawese mekundu ya vijijini yanaendelea kukamuliwa katika mashine ndogo za mwambaoni na kupandishwa vilimani kwa madumu, yakiuzwa kwa kipimo cha chupa na kikombe katika masoko ya Kasulu, Makere na Kibondo, na bei yake, inayopanda na kushuka kwa kufuata mahitaji ya miji mikubwa, ndiyo inayoamua ni kaya zipi za Buha zitaendelea kuyaweka chunguni.